Betri Niliyoiita Shilingi

Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Methali hii nilikuwa nikiiandika tu katika insha ili nipate alama. Maana yake niliijua Jumamosi moja ya likizo.

Mama alikuwa ameenda sokoni, akatuacha na nyanya. Mimi nilikuwa nimefungua kalkuleta ya kaka bila ruhusa. Betri yake, ile ya mviringo inayokaribia ukubwa wa shilingi moja, niliiweka mezani kando ya shilingi niliyorudishiwa dukani. Nikatoka kidogo kutafuta bisibisi. Niliporudi, shilingi ilikuwapo, betri haikuwapo. Ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wa miaka mitatu, alikuwa ameshika shingo, mate yakimchuruzika. Moyo ulinidunda kama ngoma.

"Amemeza nini?" nyanya akauliza kwa hofu.

"Shilingi, nyanya," nikajibu, huku nikiificha ile shilingi mfukoni. Niliogopa kichapo cha kaka kuliko nilivyomhurumia mtoto.

Nyanya alitaka kumlisha tonge la ugali lisukume shilingi chini, lakini mama, aliyekuwa ndiyo anaingia, akakataa. Tukapanda matatu hadi hospitalini. Muuguzi alimtazama mtoto: analia, anapumua, hajabadilika rangi.

"Basi kaeni hapo kwa benchi, ataitwa apigwe picha," akasema. "Shilingi inaweza kungoja kidogo. Ingekuwa betri, hatungengoja hata dakika moja."

Maneno hayo yalinichoma kama mkuki. Nilitazama saa ukutani. Dakika 50 zilikuwa zimepita tangu tutoke nyumbani. Nikaitoa ile shilingi na kuiweka mkononi mwa mama.

"Mama, nisamehe. Ni betri ya kalkuleta."

Mama hakunipiga. Alipiga nduru. Mara tukapitishwa mbele ya foleni yote. Picha ya eksirei ilionyesha duara lenye ukingo maradufu, si mmoja kama wa shilingi. Mtoto alipelekwa thieta, akalazwa usingizi kwa dawa, kisha daktari akapitisha kooni bomba lenye taa, akainasa betri kwa koleo ndogo na kuitoa.

Jioni daktari alinieleza bila kunikemea. Betri ikikwama kooni na kulowa mate, umeme wake hutengeneza alkali kali inayounguza nyama. Muda wa saa mbili watosha kuleta kidonda kibaya, ambacho baadaye chaweza hata kutoboa koo. Ya ndugu yangu ilikuwa imeanza kumuunguza. Alilazwa wadini siku kadhaa, akilishwa kwa mpira wa puani, nami nikimtazama kwa aibu.

Wenzangu, mtoto akimeza kitu kikakwama naye anapumua, msimlishe ugali wala ndizi ya kukisukuma, msimtapishe, wala msimtie kidole kooni. Kimbieni hospitali. Akishindwa kukohoa, kulia na kupumua, hapo hakuna kungoja: mwinamisheni, mpigeni makofi matano ya nguvu mgongoni kati ya mabega, huku mwingine akiita msaada. Na mkiulizwa amemeza nini, semeni kweli papo hapo, hata kama kichapo kinawangoja.

Ile shilingi ningali nayo. Siku hizi haininunulii kitu cha maana dukani, lakini siku ile ilikaribia kuninunulia msiba.