Wewe Maini, Yeye Mchicha?

Kama hujawahi kula mishikaki ya maini ya Kanda ya Ziwa, bado una deni. Safari hii nilianzia Shinyanga, nikapita Tinde na Kahama hadi Geita, na kila nilipofika jioni, moshi wa mkaa ndio ulionipokea. Huku ni Usukumani bwana, ng'ombe si wa kutafuta! Maini, moyo, figo na bandama huharibika haraka kuliko nyama, ndiyo maana ng'ombe akichinjwa ndivyo huliwa kwanza. Unakata vipande vidogo, chumvi, ndimu na tangawizi, kisha moto mkali. Weka kachumbari, pilipili na ndizi ya kuchoma pembeni. Usipime!

Geita ndiko nilikojiuliza swali. Mji umekua haraka tangu mgodi mkubwa uanze kuzalisha dhahabu mwaka 2000, na mwaka 2012 ukawa makao makuu ya mkoa mpya. Jioni wachimbaji wadogo wanatoka kwenye maduara na makarasha wakiwa na njaa ya kweli. Jikoni nilipokaa nilihesabu wateja 14. Mwanamke nilikuwa peke yangu.

Sasa tuongee ukweli: anayehitaji maini zaidi ni nani? Kila mwezi mwanamke hupoteza damu, na madini ya chuma huondoka nayo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zina takriban miligramu 6 za madini ya chuma, tena ya aina ambayo mwili huyapokea kirahisi kuliko ya mchicha. Ukila vyote pamoja, hata ya mchicha yanapokelewa vizuri zaidi.

Ila mjamzito asizidishe maini, maana vitamini A ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Moyo unamfaa zaidi. Na wewe kaka mwenye gauti, maini na bia ni adui wa vidole vyako.

Mapenzi si vocha tu, jamani. Ukishashiba, mwambie mchomaji akufungie mishikaki mitatu ya nyumbani. Hata kama mama watoto ameshapika, ataipokea. Na wewe dada, usisubiri kuletewa. Vuta kiti, agiza yako.