Mpingo na Marimba

Yapo makundi ya wapigaji wawili, mmoja wa klarineti na mwenziwe wa ala za kugonga, yaliyojipatia sifa katika kumbi ndogo za Ulaya na Marekani kwa kupiga muziki uliotungwa juzi na jana. Kundi mojawapo ni Transient Canvas la mjini Boston, ambalo Amy Advocat hupuliza klarineti ya sauti nzito na Matt Sharrock hupiga marimba. Wengi wa kwetu wakisikia habari hizo husema kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Sisi hatukubaliani nao.

Klarineti ilibuniwa na Johann Christoph Denner wa Nuremberg, yapata mwaka 1700, na hapo hatudai kitu. Lakini mwili wa klarineti nzuri ya leo ni mpingo, na mpingo ulio bora huvunwa kusini kwetu, Kilwa na Lindi; mti ambao gogo lake likitiwa majini huzama, na ambao huhitaji miaka 70 au zaidi ndipo ukomae. Mmakonde huchonga humo mashetani yake. Fundi wa Ufaransa hutoboa humo njia ya pumzi. Kinacholia ni ulimi wa tete, kama katika zumari yetu, ila zumari hutumia ndimi mbili.

Ama marimba, jina lenyewe ni la Kibantu, nasi twaliita hivyo lile la mbao za kugongwa na lile la vyuma vya kutekenywa kwa vidole gumba. Waliochukuliwa utumwani walivuka bahari mikono mitupu. Ala waliibeba vichwani, wakaiunda upya Amerika ya Kati, vibuyu vikining'inia chini ya mbao. Guatemala iliitangaza kuwa ala ya taifa mwaka 1978. Na ajabu ni hii: mti wa Belize utoao mbao za marimba ya kisasa ni wa jamaa moja na mpingo. Basi wale wawili ukumbini wamesimama na miti miwili ya ukoo mmoja.

Kimoja kilipotea njiani. Vibuyu vya Guatemala vina kitundu chenye utando unaotetemeka na kukwaruza sauti, kama vile ilimba ya Wagogo ilivyo na utando wa buibui. Viwanda vya Marekani viliuondoa mkwaruzo huo, vikatia mirija ya chuma. Wenye kumbi huuita usafi. Sisi twaona ni hasara.

Lakini tunalotaka kulisema hasa ni juu ya utunzi. Makundi haya hayakurithi hazina kubwa ya nyimbo, kwa kuwa watunzi wa zamani hawakuziwaza ala hizo mbili pamoja. Kwa hiyo wapigaji huwaendea watunzi walio hai, huwaagiza kazi na kuwalipa. Desturi hiyo si ngeni kwetu: mshairi wa taarabu huletewa haja na mwimbaji, naye hutunga akilijua koo litakaloimba. Mzee Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka ilimba katika majukwaa ya dunia. Hata hivyo ofisi za utamaduni, ambazo sisi tumezitumikia miaka mingi, huagiza zaidi ngoma za kupokea wageni, na urefu wa ngoma hupimwa kwa mwendo wa gari la mgeni. Kumlipa mtunzi miezi mitatu ili awatungie watu wawili tu, huko huonekana ni kutapanya fedha. Magogo nayo yanaendelea kusafiri.

Waagizwe, basi, mpiga zumari wa pwani na mpiga ilimba wa Dodoma, pamoja na mtunzi mmoja kijana. Kazi itakuwa ngumu. Ilimba hupangwa sauti zake kwa kufuata uimbaji wa Wagogo, na zumari ina ngazi yake nyingine. Zikilizwa pamoja hugombana. Mtunzi ataweza kuilazimisha moja iifuate nyenziwe, au kuziacha zigombane na kuutungia ugomvi huo. Sisi twatamani kuusikia ugomvi.