Vichujio vya mapigo ya moyo: usibonyeze tu mpaka mchoro upendeze

Leo tuweke kando mambo ya tovuti na hifadhidata. Nataka tuzungumze juu ya programu zinazorekodi mwili wa binadamu: moyo, pumzi, misuli. Fungua yoyote, utakuta menyu imejaa vichujio, na watu huvibonyeza mpaka mchoro upendeze. Hapo ndipo pa kuangalia sana.

Ishara ya moyo inayofika juu ya ngozi ni ndogo mno, takriban milivoliti moja. Stima ya nyumbani kwetu Kenya ni voliti 240, na hutetema mara 50 kwa sekunde, yaani Hz 50. Mwili nao hunasa mtetemo huo kama antena. Juzi nilimrekodi ami yangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, kwa sensa ndogo niliyoiunga na laptopu. Vichochoro vyetu vimejaa nyaya, na ndani feni haizimwi kwa joto hili. Mchoro ukatoka mnene kama kamba. Ami akauliza, "Huu ni moyo wangu au ni stima?"

Swali zuri. Kwanza nilichomoa chaja, laptopu ikabaki kwa betri, na kelele ikapungua kabla ya hesabu yoyote. Kisha nikatazama kichujio cha kukata mtetemo wa stima. Programu ilikuja imewekwa 60, maana huko Marekani stima yao ni Hz 60. Nikaandika 50, mapigo yakaonekana.

Likabaki tatizo la pili: mstari mzima ulikuwa ukipanda na kushuka kama dau, kwa sababu ya pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, yaani chini ya Hz 0.35. Dawa rahisi ni kukata kila kilicho chini ya Hz 0.5, na mstari unalala sawa kabisa.

Lakini hapo pana hatari. Baada ya kila pigo kuna kipande kifupi ambacho daktari hukitazama kutafuta dalili kwamba damu haifiki vizuri kwenye misuli ya moyo. Kipande hicho kinategemea mitetemo ya chini. Kichujio cha kawaida cha 0.5 kinaweza kukiinua au kukizamisha: mzima akaonekana mgonjwa, au mgonjwa akaonekana mzima. Ndiyo maana mwaka 2007 American Heart Association na wenzao walipendekeza kwa uchunguzi mpaka wa chini uwe Hz 0.05. Waliruhusu hadi 0.67 kwa vichujio visivyosogeza sehemu za wimbi. Njia moja ya kuvipata ni kupitisha data mbele, kisha kinyumenyume, ucheleweshaji ukafutana. Hilo linataka data iliyokwisha kurekodiwa.

Ami ana presha. Mwanawe alitaka nimrushie ule mchoro safi kwa WhatsApp ampelekee daktari. Nilikataa. Nikamwambia, huu unatosha kuhesabu mapigo tu. Kwa mengine ami aende hospitali akapimwe kwa mashine kamili.

Kwa kuhesabu, hata ukiukata mchoro vipande hakuna neno. Mwaka 1985 Jiapu Pan na Willis Tompkins walibakisha takriban Hz 5 hadi 15 tu, wakapima mabadiliko ya mchoro, wakayazidisha kwa yenyewe, wakachukua wastani. Kinachobaki hakifanani na moyo hata kidogo, lakini njia yao ilitambua asilimia 99.3 ya mapigo katika rekodi walizojaribu.

Kwa hiyo, wewe unayeandika programu kama hizi, hifadhi data ghafi isiyoguswa. Andika ndani ya faili kichujio gani kimetumika na kwa nambari gani. Na juu ya mchoro uliochujwa, weka maandishi makubwa kwamba umechujwa. Daktari hawezi kuuliza asichokiona.