Rubani Aliyekataa Kufyatua

Mwezi ule mimi na mume wangu tulikuwa tumenuniana wiki ya pili. Chanzo ni pesa. Akiba yetu ya kodi ya nyumba alimkopesha kaka yake bila kuniambia. Haki ilikuwa upande wangu, na niliitumia vilivyo: kila alipofungua mdomo, nilimrukia.

Jioni moja nikamkuta kasimama mbele ya ile picha yetu ya sebuleni. Ndege kubwa ya Kimarekani imetobolewa kwa risasi, na ubavuni kwake, karibu kabisa, ndege ndogo ya Kijerumani. Miaka yote nilidhani ni watu wanaokaribia kuuawa. Nikauliza, kwa kejeli tu, "Hivi hii nayo ni ndege ya nani?"

Kumbe jibu lipo! Ile kubwa ni B-17. Zilitengenezwa 12,731, sasa utajuaje ni ipi? "Tazama majeraha yake," akaniambia. Pua imepasuka, na bawa dogo la kushoto mkiani karibu lote halipo. Ni Ye Olde Pub, iliyorushwa na Charlie Brown, kijana wa miaka 21, tarehe 20 Desemba 1943, ikitoka kushambulia Bremen. Mshika bunduki wa mkiani alikuwa ameshakufa.

Ile ndogo ni Messerschmitt Bf 109 ya Franz Stigler. Alikuja kwa nyuma tayari kufyatua, akaona majeruhi kupitia matundu. Kamanda wake, Gustav Rödel, aliwahi kumwonya huko Afrika Kaskazini asithubutu kumpiga mtu anayening'inia kwenye parachuti. Stigler akaona hawa nao ni walewale. Akawasindikiza hadi baharini, akapiga saluti, akageuza. Angegundulika, wenzake wangeweza kumhukumu kifo. Akanyamaza.

Brown naye aliambiwa na wakubwa wake asiseme. Kwake, rubani yule alibaki hana jina hadi 1990, barua ilipofika kutoka Kanada. Stigler alikuwa ameona tangazo la Brown la kumtafuta, akaeleza mambo ambayo ni aliyekuwepo tu angeyajua. Wakakutana, wakawa kama ndugu, na wote wakafariki 2008.

Basi shosti, nikamtazama mume wangu. Macho mekundu, shati halijaona pasi. Nikajiona: nampiga mtu aliye kwenye parachuti.

"Ile pesa bado inaniuma," nikamwambia.

"Najua, mke wangu. Nilikosea."

"Haya, kaa tule kwanza."

Baada ya chakula tukatoa karatasi na kalamu, tukapiga hesabu mpaka saa sita usiku. Shemeji amesharudisha nusu. Iliyobaki bado naidai, tena kila mwisho wa mwezi. Ila siku hizi nadai bila kufyatua.