Wambũi si uchafu

Wasee, kuna amri moja inazunguka sana. Mtu akiuliza vile ya kutoa herufi za ajabu kwenye faili, anarushiwa hii:

tr -cd '\11\12\15\40-\176' < majina.txt > safi.txt

Maana yake: acha herufi za kibodi ya Kiingereza, zingine zote futa. Kwa faili ya Kiingereza iko sawa. Kwa majina ya Nairobi ni balaa.

Weka Ngũgĩ wa Thiong'o hapo ndani. Anatoka "Ngg wa Thiong'o". Mzee aliyeandika riwaya kwa Gĩkũyũ juu ya karatasi ya choo akiwa ndani Kamiti mwaka 1978, halafu tr inamwachia konsonanti tupu. Mbaya zaidi ni Wambũi. Yeye anatoka Wambi, na hiyo inakaa jina kabisa, kwa hivyo hakuna mtu atashtuka.

Halafu kuna ritifaa, ile koma ya juu. Simu nyingi na Word hukupa iliyopinda (’) badala ya iliyonyooka ('). Kwa macho ni kitu moja. Kwa kompyuta, iliyonyooka ni baiti 1, iliyopinda ni baiti 3, na hiyo amri inafuta zote tatu. Nyong’o anakuwa Nyongo. Soma tena polepole. Umemwita mtu nyongo, na ni kwa cheti chake.

Naongea hivi juu dada mmoja wa Kangemi aliniletea orodha ya vyeti iliyokuwa "imesafishwa" mahali fulani tao. Faili ya kwanza ilishafutwa. Kilichofutwa na tr hakirudi, hakuna pahali kimefichwa. Tukaanza kupiga simu, mtu mmoja mmoja: samahani, wewe ni Nganga ama Ng'ang'a? Mmoja akauliza kwani alipojaza fomu alikuwa anachora.

Mimi huanza kwa kuangalia: cat -A majina.txt. Ukiona ^M mwisho wa kila mstari, hiyo ni alama ya Windows, na hiyo ndiyo takataka. Toa:

tr -d '\r' < majina.txt > mpya.txt

Ukiona M-EM-) katikati ya jina, tulia, hiyo ni ũ tu. Inakaa uchafu lakini ni mtu.

Ritifaa iliyopinda usiipeleke kwa tr, kwa sababu tr ya Linux husoma baiti moja moja na itakuharibia herufi zingine. Inyooshe na sed:

sed "s/’/'/g" mpya.txt > sawa.txt

Na kama mashine ya kuchapisha inakataa ũ na ĩ, badilisha, usifute:

sed 's/ũ/u/g; s/ĩ/i/g' sawa.txt > chapa.txt

Herufi kubwa pia, Ũ na Ĩ, ziongeze hapo. Wambui akiona hivyo atajijua, hata kitambulisho chake huenda kimeandikwa hivyo.