Tone Likiwa Chini, Tazameni Juu



Mwezi huu twapenda kuwasimulia habari ya motokaa yetu kuukuu. Si habari kubwa, lakini twajua ya kuwa nyumba nyingi siku hizi zina motokaa za namna hiyo, na ya kuwa wengi wetu huona oili ikidondoka uani wakanyamaza. Sisi pia tulinyamaza, na kunyamaza kwetu nusura kulete msiba.

Motokaa hiyo ni ndogo, ya Kijapani, iliyotengenezwa mwaka 1994, nayo ilikwisha kutumika huko ilikotoka kabla ya kufika kwetu Tanzania. Jambo lilianza kwa doa moja uani, kiasi cha sarafu ya shilingi. Mama wa nyumba alilionyesha akasema, “Baba watoto, motokaa yako inatoa machozi.” Tulicheka, tukatandika kipande cha boksi chini yake, tukadhani shauri limekwisha. Kila Jumamosi tuliongeza oili kidogo, na doa likakua likawa kama sahani.

Basi usiku mmoja wa Agosti mwaka 2023 tulimchukua jirani aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Tulipokuwa tukipanda mlima, moshi mzito wenye harufu ya kuungua ulijaa ndani. Tulisimama, tukamtoa yule mama upesi, tukafunua boneti. Oili ilikuwa ikimwagikia bomba la moshi, ambalo huwa la moto sana. Moto haukuwaka, na motokaa nyingine iliyopita ilimfikisha hospitali, akajifungua salama. Walakini aibu ilitushika, maana uzembe wetu ungaliweza kudhuru roho mbili.

Kesho yake tulimwita fundi. Akalala chini, akaona unyevu mahali injini inapoungana na giaboksi, akasema, “Mwalimu, sili ya nyuma ya kranki imekwisha. Sharti giaboksi ishuke.” Gharama yake ilikuwa karibu sawa na ada ya binti yetu ya muhula mmoja. Hatukulala vizuri.

Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa dereva wa malori miaka mingi, alipotuambia neno ambalo ndilo kiini cha habari hii: “Msiliamini tone. Oili ni kama mvua juu ya bati: hupenya hapa, ikadondokea kule. Osheni kwanza, kisha tazameni kutoka juu.” Maneno hayo ni kweli. Oili hushuka kwa uzito wake, na motokaa ikienda, upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo tundu lililo juu hulowesha kila kitu kilicho chini yake, na mwenye kutazama chini tu hudanganyika.

Jumamosi ya kwanza tuliosha. Tuliiacha injini ipoe kabisa, tukafunika distribyuta na nyaya za umeme kwa nailoni, tukasugua kwa brashi, sabuni ya unga na maji. Hatukutumia petroli, kwani mvuke wake hushika moto upesi. Ilipokauka tulinyunyiza poda ya watoto kwenye maungio yote, tukaiwasha injini kwa robo saa, tukatazama kwa tochi bila kukaribisha mikono kwenye mikanda inayozunguka. Poda hubaki nyeupe palipo pakavu, na hugeuka rangi palipo na uvujaji. Tuliona mistari miwili. Mmoja ulitoka ukingoni mwa kifuniko cha juu cha injini, ambacho mafundi hukiita tapeti kava, ukateremka kwenye bomba la moshi. Wa pili ulitoka nyuma ya distribyuta, ambayo kwa injini yetu imefungwa mwishoni kabisa, juu ya giaboksi. Huo ndio uliolowesha mahali fundi alipopaona. Sili ya kranki haikuwa na kosa.

Hapo tulikosa subira. Tulishika spana tukazikaza nati za tapeti kava kwa nguvu zote, tukitumaini uvujaji utakoma. Ulizidi. Gasketi ya mpira iliyopikwa na joto miaka mingi huwa ngumu kama pembe, na kuikaza hakuirudishii ulaini wake. Nguvu nyingi huweza hata kupinda kifuniko au kukata boliti. Motokaa za zamani zaidi, kama zile Volkswagen ndogo zenye injini nyuma, zilikuwa na gasketi za koki, nazo vilevile hupasuka zikikazwa kupita kiasi.

Jumamosi ya pili tulifanya kwa utaratibu. Tulinunua gasketi mpya ya kifuniko, pamoja na vipira vya kuzunguka matundu ya plagi, maana kama plagi zikikutwa zimezama katika oili, vipira hivyo ndivyo vilivyochoka. Tulifungua nati, tukainua kifuniko, tukafuta nyuso zote mbili kwa kitambaa safi. Gasketi kavu ilitiwa mahali pake, na silikoni kidogo tu ikapakwa kwenye pembe ambapo vyuma viwili hukutana. Silikoni nyingi ni hatari, kwani vipande vyake huweza kumeguka vikaziba njia ya oili. Kisha tulikaza kidogo kidogo, nati hii na ile kwa zamu, mpaka zikashika sawasawa.

Distribyuta ilitutia hofu zaidi, walakini ilikuwa rahisi. Kabla ya kuigusa tulichora mstari kwa msumari, nusu juu yake na nusu juu ya injini, ili irudi palepale. Maana ikigeuzwa hata kidogo, moto wa plagi huja si kwa wakati wake. Wala hatukuizungusha injini ilipokuwa nje. Shingoni mwake mna mpira mwembamba wa duara, ambao mafundi huuita oringi. Ule wa zamani ulivunjika mkononi kama ganda la muwa lililokauka. Tulitia mpya, tukaupaka oili kidogo, tukairudisha kwa kufuata mstari.

Kuna jambo moja tena ambalo wengi husahau. Kila injini hupitisha moshi kidogo kando ya pistoni, nao hutolewa kwa vali ndogo ya hewa. Ikiziba kwa masizi, mgandamizo hujaa ndani na kusukuma oili itoke kwenye kila gasketi, hata iliyo mpya. Yetu tuliitoa tukaitikisa karibu na sikio. Iliyo nzima hulia kwa kugongagonga, yetu ilikuwa kimya. Tuliibadilisha.

Yafaa pia kutazama yaliyo mepesi: boliti ya kumwagia oili na washa yake, chujio la oili, ambalo hukazwa kwa mkono robo tatu za mzunguko baada ya mpira wake kugusa, na kuhakikisha mpira wa chujio la zamani haukubaki umenata, na kijiti cha kupimia, kwa kuwa oili iliyozidi alama ya juu nayo huleta taabu. Mwenye kuingia chini ya motokaa asitegemee jeki peke yake kamwe. Azuie magurudumu kwa mawe, aweke na stendi imara. Oili chafu isimwagwe uani wala karibu na kisima. Ikusanywe katika dumu, ipelekwe gereji inayoipokea. Nayo yadhuru ngozi, basi mikono na ioshwe kwa sabuni.

Jumamosi ya tatu mama wa nyumba alitandika boksi jipya chini ya motokaa. Asubuhi tulilivuta nje sote, watoto nao wakikodoa macho. Lilikuwa kavu, ila unyevu kidogo wa sampu, ambao tunauangalia. Gharama yote haikufika sehemu ya kumi ya ile tuliyotajiwa, na ada ya binti yetu ililipwa kwa wakati.

Hatusemi ya kwamba mafundi hawana kazi. Kama juu pote pangekuwa pakavu na oili ikatoka ndani ya ungio la giaboksi, tungemrudia fundi yule, naye angekuwa amesema kweli. Tulipomweleza hakukasirika. Alisema, “Mwalimu, ninyi mlikuwa na Jumamosi tatu, mimi nilikuwa na dakika tano.”

Basi ninyi mnaotandika boksi kama tulivyofanya sisi, liondoeni leo. Osheni, tazameni kutoka juu, mtengeneze lililo dogo lingali dogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na wakati mwingine yuko jirani ndani ya nyumba hiyo yenye ufa.