Forodhani jioni: Vespa au Lambretta?

Kama wewe ni mtu wa Ferrari na Jaguar, Mji Mkongwe utakutia tabu, yakhe. Kuna vichochoro ukinyoosha mikono unagusa nyumba mbili. Mikogo ya Ulaya hapa huja na magurudumu mawili.

Teremka Forodhani kabla ya magharibi. Vijana wanaruka makachu baharini, makaa ya mishkaki yanapulizwa, juisi ya miwa inakamuliwa na ndimu. Upande wa Ngome Kongwe Vespa zimejipanga. Jumamosi moja, mimi na akiba yangu ya kununulia skuta, nikaikuta kati yao Lambretta moja, ndefu, nyembamba, imetulia kama bibi harusi. Moyo ukaruka.

Zote mbili zilizaliwa Italia baada ya vita. Vespa, yaani nyigu, ilitoka kwa watengeneza ndege wa Piaggio mwaka 1946. Lambretta ikafuata 1947, kutoka kwa Innocenti wa Milan, mafundi wa mabomba ya chuma. Wakashindana mpaka kwenye mbio: Vespa GS ya 1955, Lambretta TV 175 ya 1957, zote zikikaribia kilomita 100 kwa saa. Hizo ndizo zilikuwa gari za spoti za kijana asiye na gari!

Tofauti yao iko mifupani. Vespa bodi yake ya bati ndiyo fremu, na injini imekaa kulia kwa gurudumu la nyuma, haina mnyororo. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, hakupenda pikipiki zinavyochafua nguo. Ndiyo maana unapanda na kanzu nyeupe ukafika msikitini ungali msafi. Lambretta ina fremu ya bomba na injini katikati, hailalii upande.

Kwa hesabu hiyo, chumvi ya bahari ingemaliza Vespa kwanza. Bati likiliwa na kutu, fremu nayo imekwenda. Lambretta unabadilisha mabati, mifupa inabaki. Mbona basi nyigu ndio wamejaa mjini?

Nikamwamkia mzee mwenye Lambretta, nikamuuliza.

"Mwanangu, kabureta hii nimeingojea miezi minane," akacheka.

Kumbe ni spea! Innocenti waliacha Lambretta mwanzoni mwa miaka ya 1970, mitambo ikauzwa India. Piaggio hawakuiacha Vespa; mwaka 1977 wakaanza kutoa PX, na LML wa Kanpur, India, wakaunda ndugu zake kwa miaka mingi. Fundi wa uchochoroni akapata pa kushika.

Nikakata shauri: Vespa. Asubuhi nina kazi.

Mzee akapiga kiki. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kijana wa Vespa akashuka kumsukuma. Ikawaka, ikaondoka, na Forodhani nzima ikageuza shingo.

Vespa yangu, wallahi, haijageuziwa shingo hata siku moja. Lakini kazini nafika.